Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa jimbo la Haut-Katanga, Kongo (DRC): tunanyoosha miguu ya watoto, kisha tunaiacha irudi kupinda

Kwa Waziri wa Afya wa jimbo, Mkuu wa Divisheni ya Afya ya jimbo, waganga wakuu wa zoni za afya za Lubumbashi, na wakuu wa komini (manispaa) zote za mji.

Waheshimiwa,

Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yangu ni kuwafunga plasta watoto waliozaliwa na pie-bo, yaani nyayo zilizopinda kuingia ndani. Nawaandikia hadharani kwa sababu ripoti zinazopandishwa ngazi moja baada ya nyingine hazirudi na jibu, na kwa sababu ninachokileta hakina siri ndani yake. Pie-bo inatibika hapa hapa Lubumbashi, kwa jasi, pamba, maji ya uvuguvugu na mikono iliyofundishwa. Na bado tunao watoto katika komini za Katuba, Kenya, Ruashi na kwingineko wanaokua wakikanyaga kwa ubavu wa unyayo mpaka ngozi ya juu ya mguu inaota sugu.

Nianze na mguu wenyewe, maana wengi wanaouzungumzia vikaoni hawajawahi kuushika. Mtoto anazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya, ila unyayo mmoja au zote mbili zimegeukia ndani na kisigino kimepanda. Katikati ya unyayo kuna mkunjo, vidole vinautazama mguu wa pili, na ukijaribu kuurudisha mahali pake unagoma. Mifupa yote ipo. Kilichotokea ni kwamba kano na nyama za upande wa ndani na wa nyuma ya kifundo zimekuwa fupi na ngumu tangu tumboni, zikaivuta mifupa midogo ya unyayo ikahama mpangilio wake. Hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika kila 1,000 wanaozaliwa, wavulana mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao wamepinda miguu yote miwili.

Kwa nini? Wazazi wengi tunaowapokea hatuwezi kuwapa sababu moja na kuwaambia ndiyo hii. Urithi upo: ikiwa baba, mama au ndugu wa tumbo moja alizaliwa hivyo, uwezekano unapanda, na watafiti wameshatambua baadhi ya jeni zinazohusika, zile zinazoongoza ukuaji wa mguu tumboni. Sigara kwa mama mjamzito inaongeza hatari. Watoto wachache wana tatizo jingine linalokuja pamoja na mguu, kama mgongo wazi au viungo vilivyokakamaa mwili mzima. Lakini mama hakulala vibaya, hakuruka kamba, hakumcheka kilema. Wala si bulozi, yaani uchawi. Nalisema mbele yenu kwa sababu bado napokea akina mama ambao ukoo wa mume umewarudisha kwao na mtoto mgongoni, na wengine waliokaa miezi kwenye vyumba vya maombi kabla ya kutufikia. Sina ugomvi na maombi. Mchungaji anayemwombea mtoto Jumapili kisha akamwambia mama aende hospitali Jumatatu, huyo ni mwenzangu kazini.

Na katika mji huu hakuna anayeuliza sababu bila kuutaja mgodi. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika hapa Lubumbashi, kazi ya watafiti wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzao wa Ubelgiji. Watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana kwa macho walilinganishwa na 108 wasio nazo. Hatari ya kasoro hizo ilionekana kuwa zaidi ya mara tano pale baba alipokuwa na kazi inayohusiana na madini. Utafiti ule ulichanganya kasoro za aina nyingi. Haukusema kobalti inapindisha nyayo, na nawaomba wanaopenda kulitangaza hivyo wapunguze mwendo, kwa sababu baba wa mtoto anasikia, na kesho ataanza kujihukumu mwenyewe baada ya kumaliza kumhukumu mke.

Kitu kingine ndicho kilichonikaa kichwani. Katika kipindi cha utafiti ule, mjini walizaliwa watoto zaidi ya 130,000. Kwa kiwango cha kawaida cha dunia, pie-bo peke yake ingetupa watoto zaidi ya 100 kati yao. Sasa kasoro zote za kuonekana, midomo, migongo, vichwa na miguu, zikiwekwa pamoja zinafika 138. Mimi sioni maelezo mengine zaidi ya haya: watoto wengi walitoka materinite, yaani wodi ya kujifungulia, bila mtu yeyote kuandika alichokiona, au bila mtu yeyote kutazama.

Kutazama kwenyewe hakudai mashine. Tunatumia alama za Pirani, jina la daktari wa mifupa mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kanada. Dalili ni sita, na kila moja inapewa sifuri, nusu au moja. Tatu ni za katikati ya unyayo: ukingo wa nje umejipinda kiasi gani, mkunjo wa ndani una kina gani, na kichwa cha talusi, ule mfupa wa kifundo, kinajificha au bado kimetokeza unapousogeza unyayo nje. Tatu ni za nyuma: mkunjo ulio juu ya kisigino, ugumu wa kifundo kinapokunjwa kwenda juu, na kisigino kitupu, yaani unabonyeza hukutani na mfupa. Mguu wenye sita ni mgumu kabisa, wenye sifuri umepona. Tunaandika namba hiyo kila wiki, ndiyo inayotuambia kama plasta inafanya kazi au tunachezea jasi. Kisha tunamvua mtoto nguo zote, tunapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, tunapima nyonga, tunatazama mikono, ili tusitibu unyayo na kuacha mgongo.

Upo pia mguu uliolala vibaya tu tumboni. Ukiusukuma kwa kidole unarudi wenyewe, nao hauhitaji plasta. Mkunga akionyeshwa vizuri, hataichanganya miguu hiyo miwili.

Ndiyo maana nashindwa kuelewa tunavyompokea mtoto wa miaka mitatu kwa mara ya kwanza. Huyo amepita mikononi mwa mkunga, mwa muuguzi aliyemchoma BCG, chanjo ya kifua kikuu, mwa mpima uzito wa CPS, kliniki ya watoto wadogo. Kadi yake imejaa tarehe na kilo. Kuhusu miguu hakuna neno. Mama mwingine aliambiwa asubiri mtoto akue kwanza, mwingine kwamba mguu utanyooka akianza kutembea. Hautanyooka. Pie-bo si jambo la kukimbizana usiku, lakini wiki ya kwanza na ya pili ndizo nzuri kuanza, kano zikiwa bado laini. Na aliyechelewa asirudishwe nyumbani kwa kisingizio cha umri: mtoto aliyeshaanza kutembea anatibika kwa njia hiyo hiyo, plasta zikiongezeka.

Njia hiyo ni ya Ignacio Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 kisiwani Menorca, Uhispania, akatibu majeruhi katika vita vya nchi yake, akakimbia, akaishia Iowa, Marekani. Aliwakuta pale watu wazima waliofanyiwa upasuaji mkubwa utotoni, nyayo zao zimekakamaa na zinauma, akaamua kutafuta njia ya mikono. Aliianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa miongo mingi madaktari wenzake hawakuijali. Leo ndiyo njia inayofuatwa duniani, na ikifuatwa sawasawa zaidi ya watoto tisa katika kumi wanapata unyayo unaokanyaga chini bila upasuaji mkubwa.

Njooni mwone inavyofanyika. Mama anaketi, mtoto ananyonya. Tunaomba anyonye kwa sababu mtoto anayenyonya hapigi mateke. Mwenzangu anashika vidole, mimi nazungusha pamba nyembamba, kisha bendeji ya jasi iliyotoka majini. Plasta ya kwanza tunainua upande wa kidole gumba ili lile pango la katikati ya unyayo lifunguke. Wiki zinazofuata, kidole gumba changu kinakaa juu ya kichwa cha talusi kwa nje, na unyayo wote unazunguka taratibu kwenda nje. Anayesukumia pembeni ya kisigino badala ya hapo anakiziba kisigino kisigeuke, na atamaliza katoni ya jasi bila kunyoosha mguu. Nimeona plasta za hivyo, zimefungwa vizuri kwa macho na ndani hakuna kilichosogea. Plasta inapanda mpaka pajani, goti limekunjwa, kwa kuwa iliyoishia chini ya goti inachomoka. Tunabonyeza vidole, vinakuwa vyeupe, damu inarudi, mama anafunga mtoto mgongoni na kwenda. Baada ya siku saba tunailoweka, tunaitoa, tunaanza nyingine. Tano au sita mara nyingi zinatosha.

Mwishoni kisigino kinabaki juu kwa watoto walio wengi. Hapo daktari anatia dawa ya ganzi na kuikata kano ya kisigino kupitia tundu dogo lisilohitaji nyuzi, kazi ya dakika chache, na plasta ya mwisho inakaa wiki tatu mpaka kano iungane ikiwa ndefu.

Siku plasta hiyo inapotoka, akina mama wanapiga vigelegele koridoni. Mapicha yanapigwa. Wageni wakija tunawaonyesha watoto wa siku hiyo. Na kuanzia siku hiyo, waheshimiwa, kazi yetu inaanza kuharibika.

Maana mguu uliozaliwa umepinda unataka kurudi ulikotoka, na kinachouzuia ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau wenye upana wa mabega ya mtoto, kile cha mguu uliotibiwa kikiwa kimegeuzwa nje nyuzi 60 hadi 70. Kama mguu mmoja ni mzima, kiatu chake kinageuzwa nyuzi 30 hadi 40. Miezi mitatu ya kwanza mtoto anavivaa saa 23 kwa siku, anavuliwa kuoga tu. Baadaye ni usiku na usingizi wa mchana, mpaka afike miaka minne, au mitano. Sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda ni viatu hivi kutovaliwa. Na miguu ya watoto hukua, kwa hiyo mtoto mmoja anahitaji jozi baada ya jozi.

Mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka njia ya Kasenga na mtoto wa miaka miwili tuliyekuwa tumemaliza plasta zake zamani. Viatu alikuwa navyo mfukoni, na alikuwa akimvalisha kila usiku. Ilionekana kwenye ngozi ya viatu iliyolainika kwa jasho na kwenye mkanda uliokwisha. Lakini sehemu ya mbele ya viatu vyote viwili alikuwa ameikata kwa wembe ili vidole vipate pa kutokea. Pale alipopewa vile vya kwanza alirudi kuomba namba kubwa, akaambiwa hazipo, arudi mwezi ujao, na mwezi ujao hivyo hivyo. Viatu hivi vina kitundu kwa nyuma, kimewekwa makusudi ili mama achungulie kama kisigino kimeshuka mpaka chini. Alikuwa akichungulia. Aliona pengo, akakaza mkanda, akaona pengo tena, akakaza zaidi, mpaka juu ya kifundo pakachubuka. Tulimpima mtoto: kisigino kimepanda, ukingo wa nje umeanza kujipinda. Tukarudi kwenye plasta ya kwanza. Huyo mama alifanya kila kitu tulichomwambia.

Sitaki kusikia tena kwenye vikao kwamba wazazi hawarudi kwa ujinga. Kipushi ni kilomita 30, Likasi ni 120. Mama anayeuza makala, yaani mkaa, kando ya barabara akija kwangu kila wiki, siku hiyo hakuuza, na nauli ya pikipiki na basi imekula bukari (ugali) ya nyumbani. Msimu wa mvua jasi inalowa njiani, inalainika, na anafika plasta imeshavunjika magotini. Mara nyingi bendeji yenyewe ameambiwa aitafute famasi. Kisha tunamwandika kwenye daftari: amepotea. Aliyepotea ni nani hapo?

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha. Jimbo hili lisiniambie habari ya fedha kwa haraka hivyo. Sheria ya madini iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au chefferie (eneo la chifu) ambako mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inayochimba inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Viatu vya pie-bo ni ngozi, skrubu na kipande cha chuma. Mafundi wa kuchomelea tunao kila kona ya mji huu wa shaba, wa kushona ngozi tunao, na nikikaa nao asubuhi moja na kipima nyuzi wataelewa kinachotakiwa. Kinachokosekana ni mtu mwenye sahihi ya kuagiza kazi hiyo ifanyike mwaka mzima, namba zote, badala ya kungoja boksi la msaada lililojaa namba moja.

Pia tunao mpango wa kujifungua bure uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023, unaomlenga mama na mtoto mchanga. Naushangilia. Lakini pie-bo inaanza kwa mtoto mchanga na kuisha akiwa karibu kuingia shule, kwa hiyo mpango unaoishia kwenye uchanga, hata ukimlipia plasta ya kwanza, unamwacha bila viatu vya mwisho. Na tangu Mei 2022 tunayo sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Nadhani mtoto ambaye ulemavu wake ungeweza kuzuiwa angepaswa kuwa wa kwanza kuitumia.

Uganda na Malawi hawakusubiri kila wilaya ipate daktari bingwa wa mifupa. Waliwafundisha maofisa wa tiba wasio madaktari kufunga plasta. Sisi tuna makine na wauguzi wanaokaa bila kazi ya kueleweka, na ISTM, chuo cha mafunzo ya afya, inatoa wengine. Wapitishwe chumba cha plasta kabla ya kupewa diploma, washike miguu halisi.

Ninachoomba ni hiki. Kila materinite ya mji, ya serikali, ya kanisa na ya mtu binafsi, itazame nyayo za mtoto kabla mama hajatoka, iandike kwenye rejista, na takwimu hiyo ipande kwenye SNIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, pamoja na nyingine. Mama apewe karatasi yenye jina la kituo na siku ya plasta, asiambiwe tu aende hospitali kubwa akaulize. Wareko, wale wahudumu wa afya wa mitaa, wafundishwe kuitambua pie-bo, kwa sababu wao ndio wanaojua nyumba ambayo mtoto anafichwa. CAMELU, bohari ya dawa ya Lubumbashi, iweke bendeji za jasi na pamba ya plasta kwenye oda zake za kawaida. Kiwepo chumba kingine cha plasta nje ya mji, nami ningependekeza Kipushi na njia ya Kasenga kwanza, siku moja tu kwa wiki inatosha kuanzia. Na viatu vitengenezwe hapa, kwa bajeti yenye mstari wake, isiyochanganywa na magongo na viti vya magurudumu ambavyo huwa vinameza kila kitu.

Kama mnalazimika kuchagua moja tu mwaka huu, chagueni viatu. Nalisema nikijua wenzangu wengine watapinga, wangependa tuanze na mafunzo. Lakini kuongeza wafunga plasta bila viatu ni kuongeza idadi ya watoto tutakaowanyoosha mara mbili.

Sihitaji barua ya kunishukuru kwa moyo wa kujitolea. Nitafurahi nikipata jibu lenye mambo matatu: nani ofisini kwenu anashika bajeti ya viatu, materinite zipi zinaanza kutazama nyayo, na lini. Jibu hilo libandikwe pia kwenye milango ya vituo vya afya, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili akina mama wajue wa kumuuliza.

Wenu katika kazi,

Kine wa chumba cha plasta, Lubumbashi